Shimo Lililojua Tumekula Nini

Enzi zetu, ukitaka kujua jirani amekula nini, hukumwuliza. Ulienda shimoni.

Nasema lile shimo la mboji ambalo akina mama wa kijiji chetu, huko milimani Nyamira, walichimba kwenye mpaka wa mashamba wakati mbolea ya dukani ilipopanda bei na kahawa ikashuka. Mama yangu ndiye aliyewakalisha chini. "Maganda ya ndizi tunatupa, majivu tunatupa, halafu tunalia kahawa haizai," akawaambia. Wakakubaliana kila nyumba ilete taka zake za jikoni, mwenye ng'ombe alete samadi, na mboji ikiiva wagawane. Mama akawa mwenyekiti. Nikaandika insha shuleni kwa fahari kubwa: "Baba yangu ni mwenyekiti wa akina mama." Kwa Kikisii "baba" ni mama, lakini mwalimu wetu alitoka Pwani, na alikaa na daftari langu muda mrefu kabla ya kuniita nimweleze.

Nyanya Kerubo, aliyemzaa baba yangu, alipewa kazi ya kukagua ndoo ili mtu asitie nailoni. Alikuja na kigoda na fimbo. Macho yake yalikuwa makali kupita kiasi, na kunong'ona hakukujua. Tulipofika na ndoo asubuhi kabla ya shule, alizichokora, kisha akatangazia mlima mzima.

"Kwa Moraa ni chinsaga tena. Hao sasa wana damu ya kijani."

"Kwa Nyaboke wamekula kuku, na wametunyamazia."

Watu wakaanza kujihami. Mama Nyaboke akawa anafukia mifupa chini ya majani ya migomba. Mama Moraa naye, aliyechoka kutangazwa kwa mboga, alienda kwa dada yake kule Ogembo akaomba manyoya ya kuku, akayapanga vizuri juu ya ndoo. Nyanya akayageuza kwa fimbo.

"Kuku huyu ana manyoya lakini hana mifupa," akasema. "Nafikiri alipita tu kuwasalimia."

Kanisa letu lilikataza chai na kahawa. Kwa hiyo tulipalilia kahawa, tukaichuma ikiwa nyekundu, tukaibeba hadi kiwandani, na hakuna aliyejua ladha yake. Sisi tuliijua kama karo na sare za shule. Aliyekemea zaidi alikuwa Mzee Ondieki, mzee wa kanisa. "Kahawa ni ya kuuza," alihubiri. "Mkristo akiinywa, moyo wake unacheza ngoma." Tulimsikiliza kwa adabu, kwa sababu pia ndiye aliyekuwa na ng'ombe wengi, na samadi yake ndiyo iliyopasha shimo moto.

Asubuhi moja mkaza mwana wake alileta ndoo. Nyanya akachokora, akasimama, akainama, akanusa. Chini ya maganda ya viazi kulikuwa na machicha meusi.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Ni dawa ya mzee," akajibu yule mke kijana bila hila. "Huikaanga mwenyewe, akaitwanga, akainywa kabla ya maombi."

Kufikia saa ya chakula cha mchana, mlima wote ulijua. Tangu siku hiyo samadi ya Mzee Ondieki haikuja tena. Shimo likapoa. Mama akakosa raha, maana mikahawa ilikuwa karibu kutoa maua, na kaka yangu Mogaka alikuwa anangoja kwenda sekondari kwa malipo ya kahawa hiyo.

"Mama, itabidi uombe msamaha," akamwambia Nyanya, mama mkwe wake.

"Kwa kosa gani? La kunusa?"

Basi Mama akawakusanya akina mama wote, Nyanya akiwemo, wakaenda kwa Mzee Ondieki, nasi watoto nyuma. Tulimkuta ameketi mlangoni, uso umekunjamana, tayari kwa kesi.

"Mzee, hatukuja kukushtaki," Mama akasema. "Tumekuja kuonja. Tumelima kitu hiki tangu tuolewe na hatujui kina ladha gani."

Mzee akainuka mlangoni. Kisha akaagiza sufuria, akapika kwa mikono yake. Vikombe vikazunguka. Mama Moraa alimeza, akafumba jicho moja. "Hii ndiyo watu huvuka bahari kuja kununua?" Mama Nyaboke alitafuta mahali pa kutemea, akakosa. Nyanya alikinywa chake chote, akakigeuza kikombe kuhakikisha kimekwisha.

"Ni mbaya kabisa," akasema. "Niongezee."

Mzee Ondieki akacheka hadi akajifuta machozi. Kesho yake samadi ilishuka mlimani kwa mikokoteni. Nyanya, kwa upande wake, alikuwa amepalilia shamba lake lote na nusu ya la jirani kabla ya giza kuingia. Mikahawa ilizaa hadi matawi yakainama, na Mogaka akaenda shule na sanduku jipya.

Siku hizi naishi Nyanchwa, mjini Kisii. Kijana huja na mkokoteni kubeba maganda yangu, nami huenda dukani kununua mbolea ya gunia. Binti yangu hunywa kahawa yenye povu lililochorwa jani, na huipiga picha hadi inapoa. Juzi aliniuliza, "Mathe, kwani kahawa humea kwa mti?" Upande wa pili wa ukuta kuna jirani wa miaka mingi. Jana jioni harufu ya kitoweo chake ilivuka ukuta, tamu sana, nikasimama uani na ufagio mkononi mpaka ikaisha, nikijaribu kukumbuka jina la jirani huyo.