Maini ya Bingwa

Mume wangu Maganga alikuwa na miaka ishirini na sita, na kidole gumba cha mguu cha babu yake. Kikivimba, hata shuka likigusa, analia. Na huyo ndiye aliyeshinda chini ya mgodi wa dhahabu pale Geita akipasua mawe bila kuguna, tena ndiye kiongozi wa Bagika, kundi letu la ngoma. Mwanamume wa shoka!

Mama mkwe wangu kwa kawaida kila baya la nyumba ile alilisingizia tumbo langu tupu, lisiloshika mimba. Safari hii alinihurumia. "Bagalu wamemtegea dawa njiani," akasema, "mwanangu ameikanyaga." Bagalu, wapinzani wetu wa ngoma, walifurahi sana kusikia, sifa za bure nani anazikataa? Akaitwa mganga. Akaagiza mbuzi mweusi, maini ayale mgonjwa peke yake, ashushie na pombe ya mtama. Kulipokucha kidole kimekuwa nyanya. Mganga akasema dawa ya Bagalu ni kali, aongezwe mbuzi. Fundi kweli kweli: mbuzi wakaisha, kidole kikabaki.

Dresa wa zahanati ya mgodini alikitazama akasema ni jongo, aache maini na pombe, ndivyo vinavyokivimbisha. Maganga akanuna. Jongo, ugonjwa wa vikongwe! Afadhali kurogwa, kurogwa kuna heshima.

"Haya, Mheshimiwa," nikamwambia, "lakini chooni utatambaa mwenyewe."

Alitambaa. Aliporudi akaacha vyote, na kidole kikatulia.

Baada ya mavuno yakaja mashindano, watu wakatoka hata Segese. Jamani, Maganga alicheza! Mimi niliyemwona akililia shuka, siku hiyo nililia kwa fahari. Watazamaji wote wakahamia kwetu, Bagalu wakabaki wanachezeana wenyewe. Ng'ombe wa ushindi akachinjwa palepale. Sasa desturi: maini ni ya kiongozi, ayale mbele ya umati. Asipokula, basi anaiogopa dawa ya wapinzani, na ushindi umeyeyuka.

Yakaletwa yanafuka moshi, na kibuyu cha pombe pembeni. Bagalu wakasogea kutazama. Maganga akanitupia jicho, maskini, kisha akanyoosha mkono.

"Leteni hapa!" nikapiga kelele. "Nina mimba, nimeyatamani! Na hiyo pombe iondoeni kwa mume wangu, harufu yake inanichefua!"

Nani atamnyima mjamzito? Vigelegele vikapaa. Mama mkwe alipiga cha kwanza. Nikayala yote, mafuta yakinichuruzika kidevuni, na Bagalu wenyewe wakinipigia makofi.

Asubuhi Maganga alikwenda kazini kwa miguu yake miwili, anapiga mluzi. Nikajiona mjanja kuliko mganga na dresa pamoja.

Kisha hodi. Mama mkwe huyo, na mbeleko mkononi, ile aliyombebea Maganga. Ameifua, ameikunja vizuri. Akapiga magoti. Yeye, mbele yangu!

"Mwanangu, nimekusema vibaya miaka yote hii. Nisamehe. Sasa hata nikifa, sawa."

Nilitaka kumwambia tumboni mna maini tu, hamna mtoto, Mungu anajua.  Lakini nikamwinua, nikaipokea mbeleko.