Sekunde Arobaini za Mwanzo

Nilirudi Kolwezi na diploma ya ufundi wa sauti niliyoisomea Johannesburg kwa jasho langu, mchana nikiosha magari, jioni darasani. Hakuna mjomba wala padri aliyenishika mkono. Wimbo wangu wa kwanza niliutunga, nikauimba, nikaurekodi na kuutangaza mtandaoni peke yangu. Hadi leo sijasikia besi safi kama ile hapa mjini.

Maoni yalimiminika: alama za moto, mikono ya makofi, "uko juu, mukubwa!" Polepole niligundua kuwa wengi wa walioandika ni wanamuziki kama mimi, wananiwekea moto ili nami nikawawekee. Niliwawekea kweli, tena bila kusikiliza. Nikabaki na swali moja: je, yupo mtu asiyetaka kitu kwangu anayeusikiliza wimbo huu mpaka mwisho?

Kwetu megabaiti ni ghali, nyimbo husafiri kwa kadi za kumbukumbu za simu. Mama mmoja mwenye kibanda na kompyuta, karibu na maegesho ya malori, ndiye anayezijaza. Nilimpa wimbo, akauingiza kwenye kadi za wateja wake. Wiki mbili baadaye nilikwenda kumuuliza.

"Ikala, tata," alisema. "Benyewe ba kadi bataongea."

Akaingia dereva mmoja wa makamo, kofia ya msikitini kichwani, akielekea Musumba. Alitaka rumba mpya, lakini kadi yake ilikuwa imejaa.

"Tutoe gani, tata?"

"Toa ya ule bwana ya diplome."

Mama alinitazama, akarudisha macho kwenye kompyuta. Nikauliza kama mpita njia, "Juu ya nini, tata?"

"Anajisalimia yeye mwenyewe! Studio yake, diplome yake, Johannesburg yake. Natoka Mutoshi, nafika barrière ya barabara, bado hajaimba."

Mama alicheka hadi akashika meza. "Tata, ni yeye huyu!"

Dereva hakuona haya. "Ni wewe? Basi nikuambie muzuri: sauti iko. Kuifikia ndiyo kazi."

Nilikasirika. Nilitaka kumweleza ujuzi uliomo katika utangulizi ule. Lakini huyu hakuwa na wimbo wake wa kuniomba nisifu. Alikuwa na safari ndefu, na nafasi ndogo kwenye kadi. Nikavuta kiti, na kwenye kompyuta ile chakavu nikakata sekunde arobaini za mwanzo kwa sikio tu, pasipo mkato kusikika. Fundi mwingine angeomba siku nzima.

Dereva alisikiliza amesimama mlangoni. Kiitikio kilipita, ubeti wa pili ukapita, naye bado amesimama.

"Acha huo ubakie," alimwambia mama. "Toa mawaidha moja ya zamani, ile nilishaijua yote."

Mtandaoni niliuacha wimbo wa awali siku tatu, kwa kiburi. Siku ya nne niliufuta, pamoja na sifa zake zote, nikaweka huu mfupi. Kwa muda hakuna aliyeandika kitu, nami sikumwomba mtu.