Kifurushi cha Hamsini

Nilimwahidi bibi yangu wa Kamachumu kwamba ningemletea sarafu za shilingi hamsini kutoka Bukoba. Huuza kahawa ya kutafuna katika vifurushi vya jani la mgomba, kimoja hamsini, na wazee wengi huja na mia wakitaka kimoja tu.

Benki waliniambia hazipo. Dukani, mtaa wa Hamugembe, nikapewa pipi badala ya chenji.

"Msomi, hamsini ya nini? Waifute tu tupumzike," muuzaji alisema.

Chuoni mimi mwenyewe niliwahi kuitetea hoja hiyo kwa ufasaha.

Nilifika kwa bibi na pipi tu. Jirani yake mzee akaja na mia yake.

"Chenji sina. Chukua viwili," bibi alimwambia.

"Mia hii ina kazi mbili, mama."

"Basi nikurudishie pipi ya mjukuu wangu."

"Pipi? Kwani mimi mtoto wa nani?"

Bibi alicheka, akamsogezea kifurushi cha bure. Mzee hakucheka. Alisema hajaanza kuomba, akaondoka bila kahawa.

Gharama hiyo sikuitaja chuoni. Tafadhali, kama una sarafu za hamsini nyumbani, zitoe uzitumie.