Besi Isiyo na Kichwa

Nakumbuka ule mchana mti wangu ulipolia "kwaa!" juani, mwanangu. Nilikuwa nachonga gitaa la besi kwa kipande cha mninga, maana bendi ya pale Mbinga ilitafuta mpiga besi, na nafasi ni ya atakayekuja na gitaa lake. Kununua sikuweza. Sumaku ya kunasa sauti ya nyuzi nilitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, nyuzi nikatumia waya za breki za baiskeli.

Kiongozi wa bendi ni Lotari. Namtaja, sifichi. Mti ulikuwa mbichi bado, akaniambia, "Uanike juani, dogo, keshokutwa umekauka." Alijua utapasuka. Nafasi alishamwekea shemeji yake. Nikauweka kwenye kichanja cha kahawa, jua la saa sita. Kichwa cha gitaa, pale zinapokaa funguo za kukazia nyuzi, kikapasuka vipande.

Shangazi Fotunata alikuwa anageuza kahawa yake. Hakunionea huruma.

"Wewe Mmatengo kweli, mtoto wa wakulima wa kahawa? Kahawa yenyewe saa sita tunaifunika isipasuke, sembuse mti! Haraka haraka haina baraka."

"Limekufa hili, shangazi."

"Kimekufa kichwa. Kwani kuku akikatwa kichwa, nyama tunatupa?"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nikakata kichwa chote, mti uliobaki nikaulaza kivulini mpaka ukakauka taratibu. Nyuzi nikazibana kwenye ncha ya shingo kwa kipande cha chuma. Funguo za kukazia nikazihamishia chini, kwenye tumbo la gitaa, boliti tu na spana.

Siku ya majaribio Lotari akapaza sauti, "Jamani, gitaa halina kichwa, kama mwenyewe!"

"Hata wenye vichwa, kaka Lotari, si wote wanavitumia," nikamjibu.

Nikapiga. Mpiga ngoma wa bendi akaingia mwenyewe bila kuitwa. Nafasi akapewa shemeji hivyo hivyo, na uchungu huo ninao mpaka leo, nisikudanganye. Lakini yule mpiga ngoma, mtu wa Lipingo, alinichukua kwao ziwani kupigia harusi za wavuvi. Kazi hiyo imenilisha mpaka leo.

Basi sikia, mwanangu. Mtu akikuharakisha kwenye kazi yako, jiulize atapata nini ukiharibu. Na ikiharibika, kata palipopasuka, usitupe mti mzima. Ukinyimwa nafasi, piga tu: masikio ya watu hayana shemeji.

Mungu akupe mikono yenye subira, na sauti yako iwafikie hata wasiokutakia heri.