Sarafu Iliyopanguswa

Kokuberwa hukagua sarafu mpya za dhahabu, zile ambazo watu hununua kuzitunza tu, kwenye karakana moja ya Kurasini. Hacheki na mtu. Jana Bilkis, mfanyakazi mgeni, aliona vumbi kwenye sarafu akaipangusa kwa ncha ya mtandio, kama anavyopangusa kikombe cha mgeni nyumbani kwao. Sarafu ikabaki na mikwaruzo myembamba kama unywele.

"Nani kakwambia upanguse?" Kokuberwa alifoka. "Vumbi tunaliondoa kwa pampu ya hewa! Hii nani ataichukua?"

Bilkis akavua aproni, machozi yakimlengalenga.

"Unakwenda wapi?"

"Si nimeharibu, dada?"

"Sarafu yenyewe hatuitupi, tunaiyeyusha tukaipiga chapa upya. Sembuse wewe? Hebu vaa aproni yako."