Kidonda cha Shangazi na Daktari wa Kwetu

Shangazi yangu ana sukari. Mwaka jana alitokwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, akakificha. Nilikiona mara moja tu, alipokuwa akitia udhu, nikamburura hadi kituo cha afya karibu na mtaa wa Ruwi. Daktari alikuwa binti wa Kiswahili kama sisi. Niliona bahati. Shangazi aliona balaa.

"Mwana wa nani wewe?" aliuliza kabla hajakaa.

Daktari akamtaja mamake. Shangazi alimjua, hukutana naye harusini na matangani. Pale pale akaivuta soksi juu, akasema kaja kupima presha tu. Kisha, bila kuulizwa, akasema anaiuza nyumba yake ya Mabela.

Siku ya nne mke wa binamu yetu akapiga simu: "Unauza nyumba hata hutwambii?"

Shangazi akaikata simu. "Umeona? Siuzi nyumba yoyote. Nilimtegea yule daktari. Leo nyumba, kesho mguu wangu unazungumzwa matangani. Sirudi!"

Nilimwamini. Soksi ilikuwa imeanza kunuka. Asubuhi nilikwenda peke yangu kumkabili daktari.

"Siwezi kuzungumza habari za mgonjwa," alisema, "hata na wewe."

"Mimi nilikuwepo! Nilikaa kiti hiki hiki."

"Basi tulioyasikia tulikuwa watatu, dada." Akaweka kalamu chini. "Wagonjwa wangu wengi ni jamaa zangu. Nikikutana nao harusini nawasalimia tu, siwaulizi dawa wala mguu. Mama hununa, anasema najivuna. Mwache anune."

Nilimkazia macho nikitafuta uongo. Ndipo nikakumbuka: jioni ya siku ile tuliyotoka hapa nilimpigia dada yangu, nikamwambia habari ya nyumba. Niliiamini, ikanitoka.

Nilipokiri, shangazi alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Kumbe mdomo wenyewe nnao ndani ya nyumba!"

Siku hiyo hiyo tulirudi. Nilipotaka kuingia naye akanizuia kwa kiganja. "We kaa hapo nje."

Alikaa humo muda mrefu. Akatoka na mguu uliofungwa bandeji na barua ya hospitali, akaitia mkobani kabla sijasoma hata neno. Nilimuuliza kama kidole kitakatwa. Akaniuliza kama nimeleta gari.

Hakuniambia kamwe. Nilijua baada ya wiki kadhaa, alipovua viatu kibarazani nami nikavihesabu vidole vya mguu ule kwa siri. Vilikuwa vitano.