Nilitembea mpaka Nkanka kutafuta rangi ya kikwembe cha marehemu Mama

Wakuu, amani kwenu. Naandika kutoka Rusizi, mpakani, ng'ambo ya Bukavu. Yaliyomo humu yamenipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi.

Mimi ni mchoraji. Kabla ya kushika brashi huwa natembea kwanza, naangalia rangi. Majirani wanasema kichwa changu hakiko sawa. Waseme tu.

Mama alipofariki, foto iliyobaki ilikuwa ya kitambulisho, uso peke yake. Papa, baba yetu, akataka nimchore na kikwembe chake cha kijani, kile kitenge alichozoea kujifunga, picha itundikwe salon, pale sebuleni, siku ya kumaliza kilio.

Akaongeza: "Kama haifanane naye, usilete. Sitaki kuangaliwa na muntu nisiyemujua."

Shida ni kwamba kikwembe chenyewe tulimzika nacho. Na kijani kile nilikuwa nimekisahau! Mtoto wake wa kumzaa, tena mchoraji. Niliona aibu, usingizi ukanikimbia.

Nikashuka Bugarama, nikatembea kwenye mashamba ya mpunga. Kijani cha kule kinawaka, acha tu. Nikajua nimepata, nikarudi kupaka.

Dada yangu Aline akaitazama, akasonya. "Kaka, huyu ni maman ya nani? Utasema anaenda kwa harusi."

Siku ilikuwa imekaribia, na batantine, shangazi zetu wa Bukavu, walishasema wanavuka mpaka kuja. Stress tupu.

Asubuhi yake nikashika njia ya Nkanka kwa miguu, kutafuta kijani kingine. Migomba, hapana. Maparachichi, hapana. Njiani najiuliza: hivi mama yangu nilikuwa namwangalia kweli, au nilikuwa naona tu kuna mtu anapika?

Kando ya ziwa bamaman walikuwa wameanika nguo juu ya nyasi. Kikwembe kimoja cha kijani kilikuwa kimepauka kabisa, rangi imebaki kidogo tu kwenye mikunjo.

Nikasimama hapohapo. Eh Mungu wangu! Mama alikuwa anafua kile chake kila Jumamosi, Jumapili anakivaa kanisani, miaka nenda rudi. Mimi nilikuwa natafuta rangi ya dukani.

Nilirudi nyumbani karibu nakimbia, nikapaka upya kabla macho hayajasahau tena.

Siku yenyewe Papa alisimama mbele ya picha.

Akasogea, akagusa pale kiunoni, palipopauka zaidi.

"Kila mwaka nilimuambia nitamununulia ingine."

Akaenda mwenyewe kutafuta nyundo na msumari.

Nilichojifunza, wakuu: nilitembea sana kuangalia majani na maji, na mtu wa nyumbani kwangu nilimpita tu kila siku.

Sasa na wewe tuambie hapa chini: nguo ambayo mama yako anaivaa sana ni ya rangi gani? Usimpigie simu kumuuliza. Jibu kwanza.